Mnatuuza kwa Nani?

Wynyard, Tasmania
Jumatatu, 9 Machi 1998

Mdogo wangu Garth,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Nikipiga nyumbani shemeji yako Kelvin ananisikia, na nikipiga kantini kuna watu kumi nyuma yangu wanaojifanya wanasubiri chai.

Jumatano iliyopita walikuja wanaume wanne kiwandani. Viatu vipya vinang'aa, na sakafu yetu unaijua, vumbi la mpira na mafuta, basi walikuwa wanakanyaga kama paka aliyelowa. Walipima jengo kwa utepe. Walipiga picha mashine zote, paa, mpaka ua wa nyuma. Na kila mfanyakazi alipotokea kwenye picha walimsubiri apite kwanza. Mmoja akaniambia, "Samahani mama, unaweza kusogea kidogo?" Nimesimama kwenye meza ile miaka ishirini na sita. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nisogee ili meza ipigwe picha.

Tulimuuliza meneja wetu, Bwana Prewett. Akasema ni watu wa bima. Merv Tuohy akamjibu palepale, "Bima gani inauliza kiwanja kina ekari ngapi?" Prewett akawa mwekundu mpaka masikioni.

Sasa nakuuliza wewe, maana uko makao makuu ya Ormsby Tarrant, idara ya mipango, na mipango ndiyo hii. Kitengo chetu cha mashine za kukamulia ng'ombe kinauzwa? Siulizi kwa umbea. Kelvin ameitwa na kiwanda cha viazi kule Ulverstone, wanataka awe msimamizi wa boila. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Ana miaka hamsini na saba, na vidole vyake umeviona vilivyo baada ya maisha mazima ya kuoka mpira hapa kiwandani. Hataitwa tena na mtu. Kama hapa ni salama anataka kubaki, kwa sababu anaupenda mpira wake kuliko anavyonipenda mimi. Kama si salama, aende sasa hivi.

Niambie neno moja tu. Abaki au aende?

Dada yako,
Delma


Melbourne
17 Machi 1998

Dada yangu Delma,

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu niliposoma habari za paka aliyelowa. Wewe ungeandika gazeti.

Usijitie presha. Kampuni kubwa kama yetu hupimwa mara kwa mara, kama mtu anavyokwenda kupima afya hata kama haumwi. Wiki moja ni kitengo cha mbolea, wiki nyingine chakula cha mifugo, na safari hii ni zamu yenu. Sijasikia lolote la kukutia wasiwasi. Tena kitengo chenu kinaheshimika sana hapa. Wakitaja mipira ya kukamulia inayotoka Wynyard, watu wanakaa vizuri kwenye viti.

Kuhusu Kelvin, kama ananiuliza mimi, abaki. Mtu wa ujuzi wake haendi kuangalia boila za viazi. Na tafadhali jaribu kumtuliza Merv. Uvumi ukishaanza watu wanaondoka bila sababu, na wakiondoka ndipo matatizo ya kweli yanaanza.

Sitaweza kuja Pasaka. Kazi zimenibana.

Mdogo wako,
Garth


Wynyard
Ijumaa, 3 Aprili 1998

Garth mpendwa,

Kelvin amewakatalia watu wa viazi. Aliwapigia Jumanne asubuhi, akaweka simu chini, akasema, "Basi, yamekwisha," na akala mayai matatu. Ulimwondolea mzigo. Mimi pia.

Ila jana tumekusanywa kantini. Ametujia Bi. Stroud kutoka kwenu, yule wa ghorofa ya juu, kwa ndege, na skafu ya hariri. Alisema kampuni "inatazama njia mbalimbali za kuyapa matawi yake nafasi ya kukua" na kwamba "hakuna uamuzi wowote uliofikiwa." Alisema hivyo mara tano, nilihesabu kwa vidole chini ya meza.

Merv akasimama. "Mama, mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Baba yangu alikuwa hampigi ng'ombe brashi mpaka wiki ya mnada. Sasa sisi tumepakwa rangi ukuta mzima wa mbele. Mnatuuza kwa nani?"

Watu walicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Bi. Stroud akasema asingependa kutumia neno kuuza. Mimi nikainuka, kwa sababu ndimi mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi na kama sisemi mimi nani atasema. Nikamuuliza, "Utatumia neno gani, ili na sisi tulijue?" Akatazama saa.

Basi tumeandika maswali tisa na kumkabidhi Prewett. Kama tunauzwa, miaka yetu ya kazi inahama na sisi au inaanza sifuri? Kiwanda kinabaki Wynyard? Wakulima watapata wapi vipuri? Mengine utayasoma yakifika kwenu, kama yatafika.

Kelvin yeye ana furaha zake. Wamempa daftari jipya lenye jalada gumu, wamemwomba aandike hatua zote za kuchanganya mpira, tangu unga mpaka kuoka. Anakaa nalo mezani kila jioni kama mwanafunzi, ananiuliza tahajia. Jana kanisomea ukurasa mzima kuhusu harufu. Anasema kwa mara ya kwanza wametambua anachofanya.

Delma


Melbourne
Jumanne, 14 Aprili 1998

Dada Delma,

Nimefurahi kwa ajili ya Kelvin. Mwambie aendelee na daftari, na asiharakishe, aandike kila kitu.

Maswali yenu nimeyaona. Ni ya haki. Lakini nikushauri kama ndugu, lugha yake ni kali. "Mnatuficha" na "tunadai" ni maneno yanayofunga milango. Hebu jiweke upande wa pili. Hao wageni kutoka Auckland wakisikia kwamba wafanyakazi wako tayari kwa vita, watafikiri mara mbili, na hilo halimsaidii yeyote, hasa ninyi. Kitengo kikionekana kimetulia, kila mtu anapata nafasi nzuri zaidi. Najua si tabia yako kunyamaza, lakini wiki sita tu, dada. Nipe wiki sita.

Hapa mvua imeanza. Jumamosi nilikwenda mpirani, tumefungwa vibaya.

Garth


Wynyard
18 Aprili 1998

Garth,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nikiwa na nakala za barua zangu, ninazoandika kabla ya kutuma, kama mama alivyotufundisha.

Mimi nimekuandikia wanaume wanne wenye viatu vipya. Prewett ametuambia watu wa bima. Bi. Stroud hakutaja mtu wala mji. Hakuna roho moja Wynyard inayojua wanatoka wapi.

Auckland umeitoa wapi?

Na wiki sita ni za nini?

Delma


Melbourne
6 Mei 1998

Dada,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Simu zako sikupokea, na katibu wetu alisema uongo kwamba nimesafiri, nilimwambia aseme hivyo.

Tuko watano tu tunaoshughulikia jambo hili, na wote tumetia saini karatasi ya siri. Nikisema, ninafukuzwa, na wanaweza kunishtaki. Tangu Novemba sijawa na uhuru wa kusema nawe hata kuhusu hali ya hewa ya huko bila kujiuliza kama nimevuka mpaka. Unajua jambo la kuchekesha? Wakati wanagawa kazi, bosi aliniuliza kama nina uhusiano wowote na kitengo kile. Nilisema nilikulia jirani nacho. Basi.

Niliamini, na kwa sehemu bado naamini, kwamba kuuzwa ni bora kuliko kufa polepole. Ormsby Tarrant hawajanunua mashine mpya kwa ajili yenu kwa miaka tisa. Hawatanunua. Nilijiambia, wakipatikana watu wanaoijua kazi hii, watu watasalimika. Hilo ndilo lililonifanya niandike nilivyoandika.

Zaidi ya hapo siwezi. Nisamehe.

Garth


Wynyard
Jumapili, 10 Mei 1998

Garth,

Leo ni Siku ya Akina Mama. Wanangu wamenipigia simu wote wawili. Nilikuwa nakumbuka miaka ile wewe ulikuwa unanipa kadi mimi, maana mama alikuwa ameshatutoka, na mimi nina miaka ishirini na tatu nakupikia uji kabla ya zamu ya asubuhi. Zamu ya kiwanda hikihiki. Hizo sare zako za shule zilitoka kwenye meza ileile niliyoambiwa nisogee ipigwe picha. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha kwa sababu umewaambia wakubwa wako "nilikulia jirani nacho."

Jirani! Ulikulia ndani yake, bwana mkubwa.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu Machi. Ningekuelewa kama ungesema, "Dada, siwezi kujibu." Ningekasirika siku mbili, halafu ningemwambia Kelvin achukue kazi ya viazi kwa sababu kimya chako kingetosha. Wewe hukunyamaza. Ulisema abaki.

Kelvin sijamwambia kwamba ulijua. Bado anakusifu. Anafikiri ulimshauri kwa unavyoona, na ukakosea kama mtu yeyote.

Nina watu mia moja na kumi na nane hapa. Rhonda wa idara ya kufungasha amejiandikisha kununua nyumba, atatia saini mwezi huu. Kijana wa Tuohy ameahirisha kwenda jeshini. Kila mmoja ananiuliza mimi, "Delma, tufanyeje?" na mimi nasimama pale kama sanamu.

Sitaki uandike kitu. Umetia saini, sawa. Nataka hivi. Kama hao watu wa Auckland wanakuja kuendesha kiwanda hapa, usitume chochote, nikae mwezi mzima bila kusikia lolote. Kama wanachukua jina na daftari la Kelvin na kufunga milango, nitumie bahasha tupu. Hujaandika neno. Hujasema. Umetia stempu tu.

Delma


Wynyard
Jumanne, 19 Mei 1998

Garth,

Bahasha imefika leo saa tano. Niliifungua nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, nikatia mkono ndani, kama mpumbavu, labda kuna kipande kimekwama kwenye kona.

Nimekaa jikoni nikiwa na kanzu ya mvua bado mwilini mpaka chai ikapoa.

Asante kwa hilo. Ni hilo tu ninalokushukuru.

Rhonda nimemkuta mlangoni kwake nikamwambia asitie saini. Hakuniuliza kwa nini. Alinitazama usoni tu, akasema, "Haya." Kesho nina kikao na watu wa chama. Nitasema nimesikia. Wakiniuliza kutoka wapi nitasema nina masikio.

D.


Wynyard
Jumanne, 2 Juni 1998

Shemeji Garth,

Mimi si mtu wa barua, unajua, lakini hili daftari limenizoesha kalamu, na dada yako anasema hana muda wa kukuandikia, analala na simu. Basi nikupe mimi habari za huku.

Mwishoni mwa mwezi alikuja Prewett mezani kwangu kuchukua daftari. Wiki ile Delma alikuwa ameshaniambia anachoamini, kwamba wakishalipata hilo hawatuhitaji tena. Nilikuwa nimejisikia vibaya, shemeji, sikufichi. Nilidhani wananiheshimu, kumbe walikuwa wananivisha kilemba cha ukoka. Miaka thelathini na moja hawakuniuliza swali, halafu siku wakiuliza, wanauliza ili niondoke.

Basi Prewett akafungua kurasa, akafika ya thelathini na moja, akakuta nyeupe. "Kelvin, sehemu ya kuoka iko wapi?"

Nikamwambia, "Haijaandikwa."

"Utaiandika lini?"

"Yale maswali tisa yakijibiwa."

Akasema hiyo ni mali ya kampuni. Nikamwambia, "Daftari ni la kampuni, lichukue. Pua ni yangu." Maana wewe unafahamu, mpira ukiiva unaujua kwa harufu na kwa kidole gumba, saa ya ukutani haikwambii. Kila shehena ya unga ina tabia yake. Wangeoka wao kwa kufuata kurasa zangu, mipira ingepasuka kwenye chuchu za ng'ombe ndani ya wiki mbili.

Siku iliyofuata waliniita ofisini watatu. Wakanipa barua ya onyo. Delma alikuwa amesimama mlangoni, akaisoma, akairudisha mezani kwao kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Saa nne watu wote waliweka vifaa chini wakatoka mpaka getini. Siku nne tumekuwa pale. Tunapeana zamu kwenye pipa la moto, na mvua hii ya kwetu haijatuonea huruma.

Kitu ambacho hakuna aliyekitarajia ni wakulima. Aileen Gofton, yule mjane anayekamua ng'ombe mia tatu, alisikia kwamba vipuri vitakuwa vinatoka ng'ambo. Akaja na lori, akamteremsha ng'ombe mmoja, akamfunga kwenye mlingoti wa bendera ya kampuni mbele ya dirisha la Prewett. Akapaza sauti, "Haya, mwelezeni na huyu!" Kufika mchana malori yalikuwa kumi na saba. Watu wa redio walikuja. Prewett alitoka kuomba ng'ombe aondolewe kwenye bustani ya maua, na yule ng'ombe akamjibu kwa namna ambayo sitaiandika.

Nataka nikuambie jambo moja zaidi. Machi uliniambia nibaki, na Delma sijui ana nini, kila nikilitaja hilo anaondoka chumbani. Mimi nakushukuru. Ningekwenda kwenye viazi, leo nani angekuwa ameshika kurasa zile? Kijana aliye chini yangu angewaandikia zote kwa siku mbili akifikiri anapandishwa cheo. Ulinishauri vizuri kuliko ulivyojua.

Ukija tutakula kombe wa baharini, msimu umefunguliwa.

Shemeji yako,
Kelvin Harnett


Melbourne
Ijumaa, 3 Julai 1998

Dada Delma,

Utakuwa umeshapata matokeo kwa njia ya chama, lakini niyaseme kwa mkono wangu. Mauzo yametiwa saini jana. Auckland wanachukua kitengo. Idara ya mpira inabaki Wynyard kwa mkataba wa miaka mitano, watu arobaini na mmoja, pamoja na ghala la vipuri kwa wakulima. Uunganishaji wa mashine unahamia kwao kuanzia Oktoba. Miaka ya kazi ya kila mtu imetambuliwa, anayebaki na anayeondoka. Hilo la miaka halikuwamo kabisa kwenye mpango wa kwanza, wala la miaka mitano. Kwenye mpango wa kwanza hapakuwa na mtu hata mmoja wa kubaki baada ya Krismasi. Nilikuwapo chumbani mwanasheria wao aliposema kwa hasira, "Kwa hiyo tunanunua pua ya mzee mmoja?"

Nimepewa cheo. Mkuu wa mipango, na ofisi yenye dirisha. Bi. Stroud alinishika bega akaniambia nilikuwa mtulivu.

Barua ya Kelvin iko mbele yangu tangu Juni. Sijaijibu. Siwezi, na nitakuambia kwa nini, kisha utafanya unavyotaka.

Kwenye mauzo kama haya mnunuzi huomba majina ya watu ambao wakiondoka kabla ya makabidhiano bei inashuka. Yalikuwa majina kumi na moja. Orodha niliiandika mimi, kwa kuwa ndimi niliyewajua. Kelvin alikuwa wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna hata mmoja anayeondoka kabla ya Julai. Barua yako ya Machi iliponifikia nilikuwa na orodha ile mezani. Uliniuliza abaki au aende, nami nilikuwa nalipwa ili abaki. Wala sikufikiri sana, dada. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilijibu upesi, nikaenda kula.

Daftari pia lilikuwa wazo langu.

Garth


Wynyard
Ijumaa, 10 Julai 1998

Garth,

Mia moja kumi na nane, ukitoa arobaini na mmoja. Wewe ndiye uliyesoma, lakini hesabu hiyo naifanya bila kalamu, kwa sababu nawajua kwa majina. Rhonda anaondoka. Merv anaondoka. Watu wote wa meza yangu wanaondoka, na mimi mwenyewe naondoka tarehe thelathini Septemba. Kelvin anabaki.

Watu wananipongeza barabarani. Kwenye duka la nyama wamekataa pesa zangu. Nami nasimama na furushi la soseji mkononi natamani kulia, kwa sababu nikiwa getini, nikipiga kelele kwenye redio kuhusu watu wasio na sura wanaotuchezea huko Melbourne, mwenye sura alikuwa wewe. Sura ninayoijua tangu ikiwa na meno mawili.

Unaniambia sasa ili mimi nifanye nini? Nimwambie Kelvin kwa niaba yako? Nimfiche, nilale naye kitanda kimoja huku akikusifu kila tukipita kiwanda cha viazi? Umenipa mzigo wako nikubebee halafu ukaniita dada.

Na usinijie na kwamba mwisho umekuwa mzuri kuliko ulivyopangwa. Haukuwa mzuri kwa sababu yako. Ulikuwa mzuri kwa sababu mzee mmoja alikataa kuandika kurasa sita na mjane mmoja ana lori. Ulimfunga mtu kamba bila mwenyewe kujua, yeye akaitumia kamba hiyohiyo kuokoa watu arobaini. Sifa ni yake. Kamba ni yako.

Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kwenye meza yangu, na mimi nikiwapo. Meli inaingia Devonport kila Jumamosi asubuhi. Chagua Jumamosi.

Delma


Melbourne
21 Julai 1998

Dada,

Tarehe nane Agosti. Nitakodi gari Devonport, usije kunipokea.

Garth


Wynyard
Jumatatu, 17 Agosti 1998

Garth,

Umeniandikia kunishukuru kwa chakula, na umesema umeondoka mwepesi, kwamba Kelvin ni mtu mkubwa kuliko ulivyofikiri. Nikusahihishe kabla hujaizoea hadithi hiyo.

Ulisema vizuri, nakubali. Hukujipamba. Ulimtajia kila kitu, orodha, daftari, jibu uliloandika upesi ukaenda kula. Naye alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje kwa mbwa, akarudi, akasema, "Kula, Garth, inapoa." Ulilia. Wewe ulidhani amekusamehe.

Kelvin alikupa chakula kwa sababu ulikuwa nyumbani kwake na ulikuwa na njaa. Angempa hata Prewett. Tangu gari lako litoke hajalitaja jina lako hata mara moja. Jumatano aliniuliza kitu kimoja tu. "Lile swali la Machi, uliuliza wewe au niliuliza mimi?" Nikasema niliuliza mimi. Akasema, "Hapana. Tuliuliza sote wawili, kwa sababu tulikuwa naye mmoja tu wa kumuuliza." Akaenda kuosha mikono. Alikaa bombani muda mrefu.

Jana Jumapili mchana alilitoa daftari lile akaandika kurasa sita zilizobaki. Si za Auckland, wao walishakubali kumlipa yeye awafundishe watu hapahapa. Nilipomuuliza anaandika za nani, alisema za kijana wa Tuohy, ambaye amepata kazi idara ya mpira, ili asije akalazimika kumuuliza mtu wa ofisini nini kinaendelea.

Mimi nina wiki sita za kazi. Merv ananunua mashua. Rhonda amepata nyumba ya kupanga. Kuna siku naamka nikiwa na hasira hata kabla ya kufungua macho, natafuta nimkasirikie nani, nakukuta wewe. Sijui itaisha lini na sitakudanganya kwamba inapungua.

Lakini nikuambie ninavyojua kuhusu mume wangu. Hasamehi kwa siku moja. Mpira alijifunza miaka saba kabla hajaruhusiwa kuoka peke yake. Kwa hiyo utakuja tena Oktoba. Utakuja Krismasi. Utakaa kwenye kiti kilekile, hatasema nawe, utaosha vyombo, utaondoka. Halafu utakuja tena.

Na usilete divai ya ghali kama safari iliyopita. Lete mikono, banda la mbwa linavuja.

Delma